Maharage ya friza: dalili unayoiona Jumatano na kosa ulilolifanya Jumapili

Mwaka juzi nilimwita fundi aje aangalie friza yangu. Ushahidi nilikuwa nao mkononi: kilo mbili za maharage ya njano ya Mbeya, yale tunayoyaita soya, nimeyachemsha Jumapili, nimeyaunga kwa nazi, nimeyagandisha, na Jumatano nilipoyapasha moto nyumba nzima ikanuka uchachu. Fundi akafungua friza, akagonga barafu kwa kucha, akaniuliza swali moja: "Yalitoka jikoni saa ngapi, na humu yaliingia saa ngapi?"

Yalitoka saa mbili usiku. Yaliingia saa kumi na mbili asubuhi, nilipoamka. Akacheka, akachukua hela yake ya usafiri, akaenda zake.

Tangu siku hiyo siilaumu friza haraka. Friza ya nyumbani ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kazi yake ni kusimamisha mambo pale ilipoyakuta. Ukiiletea maharage yaliyoanza kuchacha, itakurudishia maharage yaliyoanza kuchacha. Kwa hiyo dalili nyingi zinazoonekana siku ya kupasha kiporo chanzo chake ni siku ya kupika. Nitazipitia moja moja. Nazungumzia maharage zaidi kwa kuwa ndiyo ninayopika kila wiki, ila kunde, mbaazi na makande yana tabia hizohizo.

Yamechacha, au yamewasokota watu matumbo

Hili ndilo kubwa, na karibu kila mara mkosaji ni sufuria iliyopoa polepole.

Kuchemsha kunaua vijidudu vingi lakini si vyote. Wapo bakteria wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu ambayo maji yanayochemka hayaiwezi. Wanaosumbua vyakula vya sufuria kubwa ni Clostridium perfringens na Bacillus cereus. Sufuria ikichemka, mbegu hizo zinatulia. Ikianza kupoa zinaamka, zinakuta chakula laini, chenye maji, na ndani hakina hewa maana kuchemka kumeshaitoa. Perfringens akikaa kwenye joto la nyuzi 43 hadi 47 anaweza kujigawa kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu: mmoja wa saa tatu usiku, kufika saa nne ni 64. Kufika saa sita ni zaidi ya laki mbili na nusu. Na wewe umelala.

Kinachotuponza ni kina cha sufuria. Maharage ni mazito, hayazunguki kama maji ya chai, hivyo joto la katikati halina njia ya mkato, lazima lipenye tabaka zima ndipo litoke. Kina kikiongezeka mara mbili, muda wa kupoa unakaribia kuongezeka mara nne. Ndiyo maana bakuli lako linapoa ukiwa bado unanawa mikono, na sufuria la lita kumi lina uvuguvugu alfajiri. Sasa ulifunike vizuri na kulizungushia kitambaa kwa kuogopa mende, utakuwa umewatandikia bakteria kitanda.

Dawa yake ni kuyapoza kwa makusudi. Yamwage kwenye sinia au trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Huna trei? Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, tia vipande vya barafu, koroga kila baada ya dakika chache, maji yakipata joto badilisha. Mvuke ukikata na ukaweza kushika chombo bila kuruka, yaingize kwenye friji au friza. Yote haya yaishe ndani ya saa mbili tangu yaipuliwe. Kwa Dar ya Januari, chumba kikiwa na nyuzi 32 na zaidi, mimi najipa saa moja.

Usiruke upande wa pili ukaingiza sufuria inayofuka. Friza ndogo haina nguvu hiyo. Itahangaika usiku kucha, na samaki walioganda pembeni wataanza kulegea.

Na yaliyokwisha chacha? Mwaga. Najua inauma, hasa ukikumbuka gesi iliyoungua hapo. Nimeona watu wakiyachemsha upya na kutupia magadi kidogo ili kuua uchachu, na kweli uchachu unapungua, kwa sababu magadi yanapambana na asidi. Sumu hayaigusi. Ile sumu ya Bacillus cereus inayotapisha inavumilia kuchemshwa, kwa hiyo unabaki na maharage yasiyo na onyo. Usionje kijiko "kuhakikisha" pia.

Tena pua si kipimo cha kutosha. Perfringens anaweza kujaa kwenye sufuria na maharage yakaendelea kunukia kitunguu na nazi kama kawaida. Tumbo ndilo litakalosema, saa 6 hadi 24 baadaye, kwa msokoto na kuharisha. Mtu mzima mwenye afya hupona ndani ya siku moja hivi. Kwa mtoto mdogo, mzee, mjamzito au mgonjwa sifanyi majaribio. Ikiwa sikumbuki yalikaa nje muda gani, hayaliwi.

Tui limekatika

Umeyeyusha, umeweka jikoni, na badala ya rojo nyeupe unaona mafuta juu, maji chini, katikati vipande vyeupe kama maziwa mgando. Wengi humwaga hapa, na hapa ndipo pasipo na haja ya kumwaga.

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yanazuiwa yasiungane na protini za nazi yenyewe. Maji yakiganda yanayasukuma matone hayo yakabanana, utando unapasuka, mafuta yanaungana. Yakiyeyuka kila kitu kimeshakwenda njia yake. Ni ubaya wa sura tu. Ili kutofautisha na kuchacha, angalia hivi: lililokatika linanukia nazi na limetulia. Lililochacha lina povu, utelezi wa kunyumbuka ukiinua mwiko, na harufu inayopanda puani.

Kuliokoa, weka moto mdogo. Chota upawa mmoja wa maharage, yaponde kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria mpaka yawe kama uji, koroga. Wanga wa maharage unashika mafuta na kuyarudisha kwenye mchuzi. Mwishoni kabisa mimina tui zito jipya, nusu kikombe au kikombe kwa sufuria ya watu wanne, endelea kukoroga, na usiache lichemke kwa fujo. Lianze tu kutokota, epua.

Ila uzoefu wangu ni kwamba anayegandisha maharage yaliyokwisha ungwa anajitafutia kazi. Siku hizi Jumapili nachemsha tu, chumvi kidogo, nagandisha na supu yake. Siku ya kula naunga: kitunguu, nyanya, nazi, robo saa imekwisha, na mgeni hawezi kujua kwamba maharage yana wiki tatu. Mbaazi za kula na mahamri nazifanyia vilevile. Kama ni lazima yaungwe kabla, pikia tui la pili lile jepesi, la kwanza subiri siku ya kupakua.

Yamekuwa uji na maganda yanaelea

Barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji kwa asilimia 9 hivi, na vipande vyake vina ncha. Vinatoboa harage kwa ndani. Kugandisha polepole kunafanya vipande vikubwa zaidi, na donge la kilo tatu kwenye ndoo linaganda polepole mno. Harage lililopikwa mpaka linapasuka lenyewe halina ukuta wa kujikinga, likitoka friza limeisha.

Basi yaepue mapema kidogo: liwe limeiva hadi katikati, halina chaki ukiling'ata, lakini ganda limeshika. Dakika zilizobaki litazipata siku ya kuunga.

Halafu kuna magadi. Naelewa kwa nini yanatumika. Maji ya visima vyetu vingi yana kalisi na magnesi, madini yanayokaza ganda, na maharage ya zamani yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu hayaivi kirahisi hata ukiyapigia magoti. Magadi yanayeyusha ile gundi inayoshikanisha chembe za harage, ndiyo maana yanalainika upesi. Gundi hiyohiyo ndiyo ingeyashikilia ndani ya friza. Anayetia kipande kizima cha magadi kisha akagandisha lazima apate uji, wenye ladha ya sabuni, na vitamini B1 nyingi imepotea. Ukiweza, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pikia maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi. Ukishindwa, tia magadi ya kubana kwa vidole viwili, basi.

Kosa la mwisho la hapa ni mkono. Donge halijayeyuka, mtu anachokonoa kwa mwiko. Liache.

Choroko na dengu zitavurugika hata ufanyeje. Mimi nimekubali, nazigandisha zikiwa rojo. Na viazi mviringo usivigandishe ndani ya makande wala githeri: vinatoka vimekuwa sponji, vikikamuliwa vinatoa maji. Mahindi hayana neno, yanatoka salama.

Mengine laini, mengine kokoto

Friza haikuyakaza. Yaliingia hayajaiva. Ama ulichanganya maharage mapya na ya msimu uliopita (wauzaji hufanya hivyo, na mchanganyiko haujifichi ukishapikwa), ama ulitia nyanya au ndimu kabla hayajalainika. Asidi inazuia ganda kulegea, hata uchochee moto namna gani.

Unaweza kuyarudisha jikoni na maji ya moto yakachemka mpaka yaive, na hutapoteza kitu. Usichopaswa kufanya ni kuyapasha juujuu na kuyala hivyohivyo, hasa yakiwa mekundu. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache. Kinachoiondoa ni kuchemka kwelikweli, maji yakiruka, kwa dakika 10 au zaidi. Joto la nyuzi 80 linaweza hata kuifanya kali kuliko ya harage bichi.

Nalitaja hili kwa ajili ya wanaotumia kikapu cha kuivishia, kile cha kufunika sufuria kwa mito na mablanketi ili kuokoa mkaa. Ni kifaa kizuri, ninacho. Lakini maharage yaingie humo baada ya kuchemka kwa nguvu hizo dakika 10, na yakitoka yakiwa bado magumu yarudi motoni kwanza, yasipitilize kwenda friza ukitegemea mikrowevu itamalizia.

Pembeni yanachemka, katikati barafu, chini yameungua

Donge ni nene na moto ni mkubwa. Tunapasha kwa hasira kwa sababu ni saa moja usiku na watoto wana njaa.

Ukikumbuka asubuhi, au usiku wa jana yake, shusha chombo kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya friji. Kuyaacha juu ya meza mpaka jioni ni kurudia hadithi ya sufuria la usiku: nje yanapata joto la chumba saa nyingi kabla ndani hakujalegea. Umesahau kabisa? Kama uliyagandisha yakiwa bapa kwenye mfuko, unene wa vidole viwili, mfuko uliofungwa vizuri ukizamishwa kwenye maji baridi unalegea kwa nusu saa au zaidi kidogo. Huo ndio utajiri wa kugandisha bapa, na ndio sababu ndoo za aiskrimu nimezirudishia kazi ya kuwekea unga.

Jikoni, tangulia na maji robo kikombe kwenye sufuria, donge juu yake, moto mdogo, funika. Subiri chini kulegee ndipo uligeuze. Likishaachana lote, ongeza moto, koroga, mpaka yachemke kote, pamoja na katikati. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Kwenye mikrowevu weka nguvu ya nusu, simamisha kila dakika mbili ukoroge, na mwisho yaache yatulie dakika mbili kabla ya kupakua, kwa sababu inapasha kwa mabaka.

Pasha kile kitakacholiwa. Yakishapashwa na kubaki, hayarudi friza. Hii ndiyo sababu ya kufunga vifurushi vidogo, cha mlo mmoja kila kimoja. Mimi mfuko wangu ni wa vikombe viwili, tunakula watatu.

Mchuzi ukitoka mzito kama ugali usishtuke. Wanga uliopoa unajikaza, ukipata moto unaachia. Pasha kwanza, ndipo uamue kama unahitaji maji. Anayeongeza maji mapema hujikuta na supu.

Hayana ladha, au yana ladha ya samaki

Madoa meupe makavu juu ya maharage ni maji yaliyotoka kwenye barafu na kuwa mvuke bila kupitia hali ya maji, kwa sababu hewa ilikuwepo ndani ya mfuko. Hayana madhara, yamekauka tu. Kamua hewa yote kabla ya kufunga, na hakikisha supu imeyafunika maharage yote. Supu ndiyo blanketi.

Ladha ya samaki inatoka kwa samaki. Friza zetu zinabeba kila kitu, kibua huku, dagaa kule, na kifuniko kilicholegea kinapitisha harufu. Mafuta nayo yanaendelea kuharibika polepole hata kwenye baridi, ndiyo ile harufu ya karanga za zamani inayokuja kwa maharage yaliyokaangiwa mafuta mengi au kutiwa karanga. Mimi nayamaliza ndani ya miezi mitatu. Yakizidi, friza ikiwa haijawahi kuyeyuka, bado yanalika ila hayasisimui. Andika tarehe kwenye mfuko, usijidanganye kwamba utakumbuka.

Viungo vinabadilika kivyake: chumvi hufifia, karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu hukolea mpaka kukaribia uchungu. Sababu nyingine ya kuunga siku ya kula.

Chombo kimepasuka

Ulikijaza hadi mdomoni. Acha sentimita 2 au 3 juu. Chupa ya kioo yenye mabega usiitumie kabisa.

Umeme ulikatika, au Luku iliisha mkiwa safarini

Swali ni kama yaliyeyuka na kuganda tena ukiwa hupo, maana kwa macho huwezi kujua. Dalili za kutilia shaka ni mifuko iliyoshikamana na mingine, supu iliyohamia upande mmoja ikaganda huko, na barafu ya rangi ya mchuzi kwenye sakafu ya friza.

Kipimo cha bei rahisi: gandisha kikombe cha maji, kikishaganda weka sarafu juu ya barafu, kiache humo siku zote. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini kabisa ndani ya kikombe, friza nzima iliyeyuka na kila kilichopikwa kinatoka. Ikiwa katikati, kilichokuwa mlangoni na juu siwezi kukiamini.

Kama mpo nyumbani umeme ukikatika, msifungue. Friza iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48, ya nusu kama saa 24, mlango ukiwa umefungwa. Ya kwangu haijai kamwe, kwa hiyo nafasi tupu nimezijaza chupa za maji zilizoganda, na kila chupa nimeiachia nafasi juu. Umeme ukirudi, gusa mifuko: yenye vipande vya barafu ndani bado, au iliyo baridi kama kitu kilichotoka friji, inaweza kugandishwa tena, ingawa maharage yatakuwa laini zaidi. Iliyolegea kabisa na isiyo na baridi tena, mwaga. Iliyolegea lakini bado baridi kweli mimi siirudishi, naiunga usiku uleule, naita na majirani.